Mpe jembe muuguzi wako

"Nina miaka 41 na ninaandika riwaya yangu ya kwanza, ya mapenzi. Mhusika mkuu ni muuguzi aliyeachika. Anaomba kazi katika zahanati ya kisiwa cha mbali chenye watu mia mbili hivi ili aanze maisha upya, na huko anakutana na nahodha wa boti ya barua na mizigo. Nimefika ukurasa wa 180, nimekwama. Walipendana sura ya tano, na tangu hapo hakuna kinachotokea: wanatembea ufukweni, wanazungumza, jua linazama. Rafiki yangu aliyeusoma mswada anasema ni mtamu lakini haumshiki. Nafikiria kumleta mume wa zamani, au dhoruba kubwa, au vyote viwili. Tena naogopa: sijawahi kuishi kisiwani, na talaka ya muuguzi ni talaka yangu mimi, karibu neno kwa neno. Niendelee au niachane nayo? Na mwishoni nani ahame, yeye au nahodha? Nimekutumia sura ya kwanza, ya tano na ya tisa."

Dada yangu, endelea. Nalisema mapema ili usome yaliyobaki moyo ukiwa umetulia.

Umeniuliza mambo manne kwa pumzi moja: hadithi imesimama, kisiwa hukijui, umejiandika mwenyewe, na mwisho huuoni. Nitakaa zaidi kwenye hilo la kwanza, maana ndilo linaloyavuta mengine yote.

Wewe unaamini hadithi imesimama kwa kukosa matukio, ndiyo maana mkono wako unakimbilia dhoruba na mume wa zamani. Mimi nimezisoma sura zako tatu nikaona jambo jingine. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Upo hata wimbo mrefu wa zamani unaozihesabu siku za mgeni moja moja: anaanza kwa kupokewa kwa heshima zote, siku ya nne anashikishwa jembe, na ya kumi anatolewa kwa mateke na magumi. Muuguzi wako amemaliza kurasa 180 kisiwani na bado yuko siku ya kwanza. Anakaribishwa, anasindikizwa, anaonyeshwa machweo. Hakuna aliyemtwisha mzigo, wala hakuna aliyemkasirikia. Zahanati yenyewe, iliyomfanya apande boti, sura ya tano haimo kabisa, na sura ya tisa ni mlango anaoufunga akienda kutembea na nahodha.

Mapenzi ya mgeni hayasimuliki kwa muda mrefu kwa sababu mgeni hana cha kupoteza. Akichoka, anapanda boti. Msomaji analijua hilo hata kama hajawahi kulitamka, na hapo ndipo kitabu kinapomponyoka. Rafiki yako hakukosea: utamu upo, uzito ndio haupo.

Sasa nikuondolee dhana moja ambayo karibu kila mswada wa aina hii hunijia nayo, kwamba kisiwa cha mbali ni mahali pa kujificha. Mtu hujificha mjini. Mjini anayekushonea nguo hamjui anayekupangisha nyumba, na wote wawili hawamjui aliyekuwa mumeo. Kwenye kisiwa cha watu mia mbili mtu mmoja huvaa kofia tano. Nahodha wako, ukimtazama vizuri, ndiye pia mwenye ufunguo wa ghala la mafuta. Ni mjumbe wa kamati iliyomwajiri muuguzi. Ni mpwa wa mwenye nyumba anayoishi muuguzi, na ni shemeji wa mgonjwa wake wa kwanza. Mwanaanthropolojia Max Gluckman, aliyefanya utafiti kwa Walozi wa Zambia, alieleza vizuri jinsi uhusiano wa namna hii unavyofanya kazi. Watu walewale wawili wamefungwa kwa nyuzi nyingi kwa wakati mmoja, kwa hiyo ugomvi kwenye uzi mmoja unatikisa nyuzi zote.

Fikiria maana yake kwa mapenzi. Mjini wapendanao wakigombana, mmoja anafuta namba ya mwenzake na mambo yamekwisha. Kisiwani wakigombana Jumatatu, Alhamisi boti inaleta dawa, na anayezibeba begani hadi mlangoni ni yuleyule. Akimkosa mpenzi, muuguzi anakosa pia fundi, jirani, njia ya kuondoka, na huenda nusu ya wagonjwa wake. Kwa hiyo kila neno dogo la mapenzi linakuwa la hatari, na watu wazima wenye akili zao wanakaa miezi wakiogopa kulitamka. Wewe umewafanya walitamke sura ya tano kwa sababu hukuwawekea cha kuogopa. Taharuki uliyokuwa ukiitafuta kwenye dhoruba ilikuwa imekaa gatini tangu ukurasa wa kwanza.

Gluckman huyohuyo aliandika makala mwaka 1963 kuhusu umbea na kashfa, na ndani yake kuna zawadi kwa mwandishi wa riwaya. Anasema kusengenya ni haki ya wenyeji. Wanakikundi wanaweza kuchambuana mpaka usiku, lakini mgeni akithubutu kuingiza neno, wote wanamgeukia. Basi unapotaka kuonyesha muuguzi amepokelewa, achana na lile tabasamu la kijiji kizima ulilomwekea mwisho wa sura ya kwanza. Siku moja, katikati ya kusafisha kidonda, mama mmoja amsengenye dada yake mbele ya muuguzi, bila kushusha sauti. Muuguzi asijue acheke au anyamaze. Hapo msomaji ataelewa kwamba mlango umefunguka, na itamgusa kuliko sherehe yoyote.

Tushuke kwenye sura ya tisa. Umeandika: "Nahodha alimkabidhi barua yake, vidole vyao vikagusana, na moyo wake ukaruka kama samaki." Vidole vimeshagusana katika riwaya nyingi mno, dada yangu, viache vipumzike. Kilichonishtua ni ukurasa unaofuata, unapotaja kwa kupitia tu kwamba ile barua ilitoka mahakamani na ilikuwa ya talaka. Ulikuwa umeshika dhahabu ukaitupa ukaokota samaki! Hebu tazama barua ileile nikiigeuza kidogo:

"Boti ilifunga saa tisa. Watu kumi na wawili walikuwa gatini, kila mmoja na sababu yake ya kuwapo, na hakuna aliyekiri kwamba amekuja kuona nani kaletewa nini. Nahodha aliita majina. Bahasha ya kahawia, furushi la nyavu, bahasha, bahasha. Alipofika kwa muuguzi hakuita. Alimsogezea gazeti lililokunjwa, akageukia kamba zake. Nyumbani muuguzi alilikunjua. Bahasha ilikuwa ndani, imelala kifudifudi, muhuri wa mahakama umegusa karatasi. Siku tatu alimchukia kwa kuuona. Siku ya nne ilimjia kwamba hakuna mtu kisiwani aliyempa pole."

Sijaongeza tukio hata moja. Barua ni ileile na gati ni lilelile. Nilichofanya ni kukumbuka kwamba kuna macho, na kumwacha mwanamume achague afanye nini mbele ya macho hayo. Mahali ambapo kila kitu huonekana, kumfichia mtu aibu yake ni tendo zito la mapenzi, na linamgharimu: mmoja kati ya wale kumi na wawili atakuwa ameona gazeti likibadilisha mikono. Muuguzi naye hapokei wema huo kwa shukrani. Anachukia. Ametoka kwenye ndoa ambamo mtu alijua mambo yake akayatumia kumpiga nayo, kwa hiyo kujulikana kwake ni tishio. Hiyo ndiyo talaka ikifanya kazi ndani ya hadithi. Kwenye mswada wako talaka ni kurasa nane za kumbukumbu zilizorundikwa sura ya kwanza, na baada ya hapo muuguzi ni kama hajawahi kuolewa. Mtu akihama hasahau. Tabia alizojifunza kwenye nyumba ya zamani anahamia nazo, na zinajitokeza mahali pasipostahili: kwenye namna anavyosema "hakuna shida" kabla hajaulizwa, kwenye kuhesabu fedha mara mbili.

Sasa jembe lenyewe. Bahati nzuri ulimpa kazi ya uuguzi, na zahanati ya mbali ina ugomvi wa kutosha. Chanjo nyingi zinatakiwa zikae kati ya nyuzijoto 2 na 8. Jokofu linataka umeme usiku kucha, umeme unatoka kwenye jenereta, na jenereta inakunywa mafuta yaleyale yanayoiendesha boti. Bahari ichafuke siku tisa, shehena isije. Muuguzi anadai jenereta isizimwe. Nahodha anayetunza ghala anasema mafuta yakiisha hakutakuwa na boti ya kumkimbiza mjamzito mwenye uchungu. Ona uzuri wake: wote wawili wana haki, hakuna mbaya, na wanapendana. Uamuzi wowote utakaochukuliwa utakumbukwa kisiwani kwa miaka. Sura tatu hizo hapo, na hujamwita mume wa zamani.

Maana tumzungumzie na yeye. Akishuka gatini ghafla ukurasa wa 200, atakuletea msisimko wa sura mbili kisha atakuharibia kitabu, kwa sababu hadithi itageuka kuwa ya mwanamke anayechagua kati ya wanaume wawili, na ulianza na ya mwanamke anayetafuta pa kusimama. Kama huwezi kumwacha, mlete kwa njia ya redio au barua, awe sauti tu, na aje mapema, kabla ya nusu ya kitabu. Dhoruba ni afadhali kidogo, kwa sharti moja: ichukue kitu kisichorudi. Dhoruba inayowafungia wapenzi kwenye kibanda usiku mmoja na asubuhi kila kitu kiko mahali pake ni mapambo. Ile ya siku tisa bila shehena si hata dhoruba kubwa, ni upepo tu uliokataa kutulia, lakini kila siku inapunguza kitu.

Ipo njia nyingine ambayo siwezi kukuficha. Wapo wasomaji wanaotaka riwaya pendwa iliyo tulivu, wanaosoma wapumue, na wala hawatafuti kushikwa. Kama hao ndio wako, huna haja ya jenereta. Kata mswada uwe kurasa 120, mapenzi yatamkwe karibu na mwisho, na kila sura iwe na kazi moja ndogo ya mikono. Ni kitabu halali. Lakini kutokana na ulivyoniandikia kuhusu talaka, sidhani ndicho ulichokaa kukiandika.

Kuhusu wenyeji nitasema kwa ukali kidogo. Watu wa kisiwa chako wote wana hekima, wote wana muda, na wote wanaonekana kumngoja muuguzi afike awaponye upweke na wao wamponye moyo. Wenyeji halisi wana hesabu zao. Tristan da Cunha, katikati ya Atlantiki ya Kusini, ndicho kisiwa chenye watu kilicho mbali kuliko vyote duniani. Jirani wake wa karibu mwenye watu, kisiwa cha Saint Helena, yuko kama kilomita 2,400, na hakuna uwanja wa ndege. Miaka ya 1820 wanaume waseja wa pale walimwomba nahodha wa meli iliyopita awatafutie wake Saint Helena, na wanawake wakaja kweli. Kila mwandishi wa mapenzi akiisikia habari hiyo hutamani kuiandika. Mimi huwaambia waanze na yale maswali ambayo mwanamke yule angeuliza akiwa bado chomboni: nani mvivu, nani mlevi, na meli nyingine itapita lini?

Au chukua St Kilda, magharibi ya Uskoti. Mwaka 1930 wakazi wake 36 waliobaki waliandika wenyewe kuomba waondolewe, na tarehe 29 Agosti wakaondoka. Vijana walikuwa wameshahama mmoja mmoja, na mikono iliyobaki haikutosha kwa kazi za kuishi pale. Muuguzi aliyekuwa kisiwani wakati huo, Williamina Barclay, alikuwa na mchango mkubwa katika kuwashawishi. Muuguzi, dada yangu! Mtu wa kuja, aliyeaminiwa kiasi cha kushiriki uamuzi wa kuzima moto wa kijiji kizima. Tena kwa muda mrefu ilijulikana kwamba kila chombo cha wageni kikitia nanga St Kilda, wenyeji hupata mafua. Mgeni hatishiwi tu, naye anatisha. Mpe mwenyeji mmoja sababu ya haki ya kutomtaka muuguzi wako. Labda wauguzi watatu walikuja kabla yake, wakapendwa, wakaondoka, na yuko bibi aliyeapa kutojifunza jina la wa nne.

Hujawahi kuishi kisiwani. Hilo lina dawa. Usianze na picha za fukwe. Anza na ratiba: boti inakuja mara ngapi, nani anaruhusiwa kuiahirisha, maji ya kunywa yanatoka wapi, maiti inazikwa na nani, shule inafungwa wakibaki watoto wangapi. Kwenye kisiwa cha Eigg, Uskoti, wakazi walikinunua kisiwa chao mwaka 1997, na tangu 2008 wanajizalishia umeme wa upepo, maji na jua; kila nyumba ina kikomo cha kilowati 5. Ukizidisha, umeme wako unakatika. Kwa mwandishi, namba hiyo moja ni sura nzima: mgeni anawasha vyombo vitatu kwa pamoja usiku wake wa kwanza, giza linaingia, na inabidi abishe hodi kwa mtu asiyemjua kumuuliza kosa lake ni nini. Ubuni kisiwa chako mwenyewe, usikipe jina la mahali halisi, lakini kanuni zake uziandike kwenye daftari na usizivunje. Ukisema boti huja Alhamisi, isije Jumanne kwa sababu mapenzi yanaihitaji.

Ukishamaliza rasimu ya pili, mtafute mtu aliyewahi kuishi au kufanya kazi kisiwani, na mwingine aliyewahi kuwa muuguzi peke yake kwenye zahanati ya mbali, ukae nao ana kwa ana. Usiwape mswada wote. Wape sura ya jokofu na uwatazame usoni wanaposoma. Watakapokunja uso, hapo ndipo pa kurekebisha.

Talaka yako ni suala jingine, na hapa mhariri wa mbali hatoshi. Kuandika kilichokupata si kosa. Wengi wetu tuliingia humu kwa mlango huo. Lakini "neno kwa neno" kunanipa wasiwasi kwa sababu mbili. Kwanza, aliyekuwa mumeo na watu wanaowafahamu wanaweza kumtambua. Kubadilisha jina hakutoshi kama kazi yake, maneno yake na siku ile ya ugomvi vimebaki vilevile. Kabla ya kuchapisha popote, kaa na wakili umwonyeshe kurasa hizo, hasa kama kuna watoto au kesi ambayo haijafungwa. Pili ni wewe. Kama ukiziandika sura hizo unakosa usingizi, unatetemeka, au siku inapita bila kufanya jambo jingine, ziweke kando na umwone mshauri nasaha au mtaalamu wa afya ya akili. Mswada unaweza kungoja.

Nani ahame? Desturi ya riwaya ya mapenzi ni msomaji afunge kitabu akiwa ameridhika, na sikushauri uivunje kwenye kitabu cha kwanza. Ila kuridhika hakumaanishi kwamba nahodha auze boti amfuate mjini. Watu wa Tristan da Cunha walihamishiwa Uingereza mwaka 1961 volkano ilipolipuka, wakapewa nyumba na kazi, umeme na maduka vikiwa jirani. Mwaka 1963 wengi wao walirudi kwenye mwamba wao kwa hiari. Msomaji wako hataamini mtu aliyezaliwa mahali kama hapo anapaacha kwa sababu ya machweo mawili. Kwa hiyo muuguzi ndiye mwenye uwezo wa kuchagua, na ili uchaguzi wake uwe na thamani, lazima awe na pa kwenda. Mkataba wake uishe. Apewe kazi nzuri mjini, yenye mshahara ambao angeutaka tangu sura ya kwanza. Boti iwe gatini, na nahodha asimwombe abaki, kwa sababu wauguzi watatu wa mwanzo waliombwa. Ukifika hapo utajua mwenyewe anafanya nini. Mimi nadhani anabaki, na nadhani anayemshangaza kwa kumwita jina lake ni yule bibi.

Anza na siku tisa za bahari kuchafuka. Iandike sura hiyo kabla ya kugusa nyingine, hata kama haina pa kukaa bado. Machweo usiyafute, yaweke faili la pembeni. Moja litafaa baadaye wakiwa wamenuniana. Na ile bahasha ndani ya gazeti, ukiipenda, chukua.